UZI: "Hajafutwa, kandarasi iliisha tu." Je, mhadhiri anaweza kwenda kortini?

1/ Kila mara mhadhiri mwenye mdomo anapokosa kuongezewa kandarasi, mitandao hugawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza: "Amepigwa kalamu kwa kusema ukweli!" Kambi ya pili: "Hakuna aliyemfuta. Kandarasi iliisha, na mwajiri halazimiki kumrudisha." Kila kambi hudhani imemaliza mjadala. Ukweli ni kwamba zote mbili zimeruka hatua kadhaa. Leo tuzipitie pole pole.

2/ Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tutatumia kesi za Marekani, kwa sababu kule swali hili lilifika hadi Mahakama ya Juu na likajibiwa kwa maswali unayoweza kuyashika mkononi. Mwisho wa uzi tutarudi nyumbani tuone sheria yetu inasemaje.

3/ Tuanze na msingi. Vyuo vikuu vya Marekani vina walimu wa aina mbili kuu. Kuna wenye ajira ya kudumu: hao hawafutwi ila kwa sababu nzito, na lazima wasikizwe kwanza. Halafu kuna wale wa kandarasi, mwaka mmoja au michache, ambao bado wanapimwa au hawatawahi kupewa ajira ya kudumu. Chama cha maprofesa cha kule kilipendekeza tangu 1940 kwamba muda wa kupimwa usizidi miaka 7.

4/ Sasa tofauti muhimu. Kufutwa ni kutolewa kandarasi ikiwa bado hai. Kutoongezewa ni kandarasi kufika mwisho na usipewe nyingine. Fikiria nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akikutupia vitu nje mwezi wa tatu wa mkataba wa mwaka, una kesi. Mkataba ukiisha Desemba na akuambie hataki kuendelea, hilo ni jambo lingine kabisa.

5/ Lakini ngoja. Je, kama mwenye nyumba ni serikali? Na kama kisa cha kukataa kuendelea nawe ni kwamba uliandika barua gazetini ukiikosoa serikali hiyo? Hapo ndipo mambo huanza kuwa magumu. Na ndipo wanapoingia wanaume wawili, Roth na Sindermann, ambao kesi zao ziliamuliwa siku moja, tarehe 29 Juni 1972.

6/ David Roth aliajiriwa 1968 na chuo kikuu cha serikali ya jimbo la Wisconsin, mjini Oshkosh, kufundisha sayansi ya siasa. Kandarasi: mwaka mmoja, kuanzia 1 Septemba 1968 hadi 30 Juni 1969. Kwa sheria ya jimbo, mwalimu wa chuo alipata ajira ya kudumu baada ya miaka 4 tu. Kabla ya hapo, chuo kilitakiwa kumjulisha kufikia 1 Februari kama atarudi au la. Kanuni zilisema wazi: si lazima sababu itolewe, na hakuna rufaa.

7/ Roth alijulishwa kwamba hatarudi. Hakuna sababu, hakuna kikao. Yeye alisema anaijua sababu: alikuwa amewakosoa wakubwa wa chuo hadharani, hasa kuhusu walivyowasimamisha wanafunzi Weusi. Akaenda kortini na madai mawili. Moja, nimeadhibiwa kwa kusema. Mbili, hata kama si hivyo, mlipaswa kunipa sababu na kunisikiza.

8/ Shika hapo, kwa sababu watu wengi huchanganya madai hayo mawili. La kwanza linahusu KWA NINI. La pili linahusu NAMNA. Mahakama ya Juu iliamua dai la pili peke yake. Lile la kwanza halikuwa mbele yake. Lilibaki kwa mahakama ya chini. Kwa hiyo anayekuambia "Roth alishindwa, mhadhiri wa kandarasi hana uhuru wa kusema" amesoma nusu ya kesi.

9/ Katiba ya Marekani, katika Marekebisho ya 14, inakataza jimbo kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki. Swali likawa: Je, kazi ambayo hujaongezewa ni "mali" yako? Jaji Potter Stewart, akiandika kwa niaba ya majaji 5 dhidi ya 3, alisema hapana, si kwa Roth. Kuitamani kazi au kuihitaji hakutoshi. Kutarajia tu, peke yako moyoni, pia hakutoshi. Lazima kuwe na kitu nje yako, sheria, kanuni au makubaliano, kinachokupa dai halali.

10/ Na karatasi za Roth zilisemaje? Kwamba kazi inaisha 30 Juni. Nukta. Hazikutaja kuongezwa. Aliposema kwamba walimu wengi wa kandarasi chuoni hapo kwa kawaida huongezewa, mahakama ilijibu kwamba hilo peke yake halijathibitishwa kuwa desturi yenye nguvu ya kanuni. Kwamba wenzako hurudishwa si sawa na kwamba wewe una haki ya kurudishwa.

11/ Je, "uhuru" wake? Mahakama ilisema ingekuwa hadithi nyingine kama chuo kingemchafulia jina, kwa mfano kumwita mwongo au mtu asiye na maadili, au kumfungia milango ya kazi kwingine. Hapo angestahili nafasi ya kujisafisha. Lakini chuo hakikusema lolote. Kukosa kazi moja huku uko huru kutafuta nyingine si kunyang'anywa uhuru.

12/ Umeona kitu cha ajabu hapo? Ukimya wa mwajiri ulimlinda. Angetoa sababu mbaya, angelazimika kumsikiza Roth. Kwa sababu hakutoa yoyote, hakulazimika. Hadi leo mawakili wengi wa vyuo vya kule huwashauri wakubwa wasiseme zaidi ya "kandarasi yako haitaongezwa". Kwa hiyo barua fupi isiyo na sababu haithibitishi njama. Pia haithibitishi kwamba njama haipo.

13/ Majaji watatu walikataa. Jaji Thurgood Marshall, jaji Mweusi wa kwanza katika mahakama hiyo, alisema kazi ya serikali ni ya kila raia, na serikali ikikunyima lazima iwe na sababu. Na kama sababu ipo, kuisema si mzigo. Jaji William Douglas aliona hatari yenyewe: bila kulazimishwa kutoa sababu, ni rahisi sana kumwadhibu msema kweli na kujificha nyuma ya tarehe ya kandarasi. Hoja hizi zilishindwa kwa kura, lakini ndizo bado zinarudiwa kila mjadala huu unapozuka.

14/ Haya, sasa Sindermann. Robert Sindermann alifundisha miaka 10 katika vyuo vya umma vya Texas: miaka 2 Chuo Kikuu cha Texas, miaka 4 San Antonio, na miaka 4 Odessa kwa kandarasi nne za mwaka mmoja mmoja, zikifuatana. Akachaguliwa rais wa chama cha walimu wa vyuo vya aina hiyo. Akawa anakosa darasa siku nyingine kwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati za bunge la jimbo. Akatofautiana hadharani na bodi ya chuo kuhusu kukipandisha chuo kiwe cha miaka minne.

15/ Mei 1969 bodi ikakataa kumwongezea. Haikumpa kikao. Lakini, tofauti na Oshkosh, hawa waliongea: walitoa taarifa kwa vyombo vya habari wakimtuhumu kwa ukaidi. Naye akaenda kortini. Korti ya kwanza ilimfukuza mlangoni: huna ajira ya kudumu, kandarasi imeisha, huna kesi. Maneno yale yale ya kambi ya pili kwenye mitandao yetu.

16/ Mahakama ya Juu ikasema: si hivyo. Hili ndilo la kukariri. Serikali inaweza kukunyima kitu kwa sababu nyingi sana, hata kitu usicho na haki nacho. Lakini kuna sababu chache ambazo hairuhusiwi kabisa kuzitumia, na kukuadhibu kwa kutoa maoni yako ni mojawapo. Kukosa ajira ya kudumu hakufuti dai hilo. Hata mwenye kandarasi ya mwaka mmoja ana haki ya kuiuliza korti: sababu ilikuwa ipi?

17/ Sindermann alikuwa na silaha ya pili: kijitabu cha walimu. Chuo cha Odessa hakikuwa na mfumo wa ajira ya kudumu, lakini kijitabu chake kilisema kwamba uongozi unataka mwalimu ajione kama ana ajira hiyo mradi kazi yake inaridhisha na anashirikiana vizuri. Na miongozo ya jimbo ilikuwa na maneno kuhusu walimu waliofikisha miaka 7 au zaidi. Mahakama ikasema apewe nafasi ya kuthibitisha kwamba hapo palikuwa na makubaliano yasiyoandikwa kwenye kandarasi lakini yanayojulikana na wote.

18/ Basi angalia tofauti. Roth: mwaka mmoja, karatasi kavu. Sindermann: miaka 10, kijitabu, miongozo, desturi. Sheria ni ile ile, jaji mwandishi ni yule yule, siku ni ile ile, matokeo mbali mbali. Ndiyo maana huwezi kujibu "ana kesi au hana?" kabla ya kusoma makaratasi yake.

19/ Lakini usishangilie sana. Mahakama ilisema wazi kwamba hata Sindermann akithibitisha makubaliano hayo, anachopata ni kikao: aambiwe sababu na azijibu. Kikao si kazi. Watu wengi husikia "ameshinda kesi" wakadhani kesho yuko darasani. Mara nyingi alichoshinda ni nafasi ya kuendelea kupigana.

20/ Tuje kwenye uthibitisho, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi hufia. 1977 kulikuwa na kesi ya mwalimu wa shule ya Mt. Healthy, Ohio. Si profesa, ila naye hakuwa na ajira ya kudumu. Alipigia redio simu kueleza waraka wa mkuu wa shule kuhusu mavazi ya walimu. Bodi ikakataa kumwongezea, na ikaitaja ile simu kwenye sababu zake. Wazi kabisa, si ndiyo?

21/ Kumbe mwalimu huyo pia alikuwa na mengine. Aliwahi kugombana na mwalimu mwenzake hadi akapigwa kofi. Alizozana na wafanyakazi wa jikoni kuhusu kiasi cha tambi alichopakuliwa. Aliwatukana wanafunzi na kuwaonyesha ishara chafu. Mahakama ya Juu ikaweka hatua mbili. Kwanza, mwalimu athibitishe kwamba maoni yake yalichangia sana uamuzi. Akiweza, mzigo unahamia kwa mwajiri: aonyeshe kwamba hata bila maoni hayo angefikia uamuzi ule ule.

22/ Mantiki yake ni kwamba kusema hadharani kusikuponze, lakini pia kusiwe ngao ya mtu ambaye angeondoka hata angenyamaza. Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye mjadala ni hili: "Kama angenyamaza, angeongezewa?" Linajibiwa kwa tarehe, barua, ripoti za kazi, na jinsi wenzake wenye rekodi kama yake walivyotendewa. Kelele hazijibu.

23/ Halafu kuna saa. Columbus Ricks, mzaliwa wa Liberia, alifundisha katika Delaware State College. 1974 alinyimwa ajira ya kudumu, akapewa kandarasi ya mwaka mmoja wa mwisho, hadi 30 Juni 1975. Aliamini amebaguliwa kwa sababu ya asili yake. Akafuata malalamiko ya ndani ya chuo kwanza, kama muungwana yeyote angefanya. Swali likawa: siku za kufungua malalamiko kwa sheria ya ubaguzi zilianza kuhesabiwa lini?

24/ 1980, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilisema zilianza siku alipojulishwa uamuzi, si siku kandarasi ilipoisha. Na kusubiri rufaa ya ndani ya chuo hakukusimamisha saa. Amechelewa. Kama alibaguliwa au la, hilo halikufikiwa. Ukisikia "kesi imetupwa", uliza kwanza: imetupwa kwa sababu alikuwa mwongo, au kwa sababu alichelewa? Hayo si mamoja.

25/ Jambo moja zaidi la Marekani: haki hizi za kikatiba hubana chuo cha UMMA. Chuo cha kibinafsi si serikali, kwa hiyo Roth na Sindermann hawamsaidii mhadhiri wa huko. Yeye atategemea kandarasi, kijitabu cha wafanyakazi na sheria za ubaguzi.

26/ Turudi nyumbani sasa. Kwetu Katiba ya 2010 ni pana zaidi. Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa kitaaluma kwa jina. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa sawa kazini. Kifungu cha 47 kinasema hatua ya kiutawala ikikuathiri vibaya katika haki zako, upewe sababu kwa maandishi. Na Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inabana vyombo vya dola NA watu wote. Huo mlango wa chuo cha kibinafsi uliofungwa Marekani, kwetu haujafungwa vile.

27/ Lakini usikimbilie kusherehekea. Korti zetu za kazi, hadi Mahakama ya Rufaa, zimeshikilia mara nyingi kwamba kandarasi ya muda maalum huisha yenyewe siku yake ikifika. Mwajiri kwa kawaida hadaiwi sababu ya kutoongeza. Anayetaka kusema "nilitarajia kuongezewa" lazima aonyeshe kitu ambacho mwajiri mwenyewe alisema au kufanya: barua, ahadi, mwenendo ulio wazi. Unasikia mwangwi wa Roth na Sindermann? Nchi tofauti, maswali yale yale.

28/ Saa pia ipo kwetu. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miaka 3 kwa kesi za kazi. Ni mingi kuliko siku za Ricks, lakini huisha. Anayezungushwa ofisi hadi ofisi, "njoo wiki ijayo, bodi haijakaa", anapaswa kujua kalenda haizungushwi pamoja naye.

29/ Kwa haki, tusikilize upande wa chuo pia. Muda wa kupimwa una maana yake. Chuo kikilazimika kumburuta kortini kila mwalimu ambaye hakufaa, kitaogopa kuajiri vijana wapya. Na kuna wahadhiri ambao kweli hawafundishi: vipindi wanakosa, alama za wanafunzi zinapotea. Kuwaita wote mashujaa wa uhuru ni kuwatukana wale waliomwaga unga kwa ajili ya neno la kweli.

30/ Upande wa pili: aliye kwenye kandarasi ya mwaka mmoja huwa anahesabu. Kila anachoandika, kila swali analojibu mbele ya wanafunzi, anapima kama litamgharimu Juni. Hahitaji kutishwa na mtu. Tarehe ya mwisho inatosha kumtisha. Anayepoteza hapo ni mwanafunzi aliyelipa karo asikie mawazo, akapewa tahadhari. Na ni sisi, tunaowategemea watu hao watuambie bajeti, mto au dawa ina tatizo.

31/ Basi mjadala huu ukizuka tena, kabla hujachagua kambi, uliza haya sita:
– Alifutwa, au hakuongezewa?
– Karatasi na kanuni zilimwahidi nini?
– Je, mwajiri alimchafulia jina hadharani?
– Je, kuna ushahidi kwamba sababu ni maoni yake, au asili, dini au jinsia yake?
– Kama angenyamaza, angerudishwa?
– Je, yuko ndani ya muda?

32/ Nawe unayefanya kazi kwa kandarasi, chuoni au kwingine: weka nakala ya kila barua. Soma kijitabu cha wafanyakazi, hata kama kinachosha. Ukipewa ahadi kwa mdomo, iandikie barua pepe ya shukrani ukiitaja, ili ibaki na tarehe. Na siku ukipata barua ya "hatutaendelea nawe", andika siku hiyo kwenye kalenda kisha umwone wakili mapema. Uzi huu ni wa kuelimisha. Hauchukui nafasi yake.

33/ "Kandarasi iliisha" ni jibu la swali la LINI. Swali la KWA NINI bado liko palepale, na raia ana haki ya kuliuliza, mradi awe tayari kukubali jibu hata likiwa si lile alilolitaka. Mwenye swali aweke hapa chini, tujibizane kwa heshima. Mwisho wa uzi.